Wachukuzi Watatu, Kufuli Moja

Kaka yangu hana subira na kitu kikuukuu. Tangu utotoni ni hivyo. Bawaba ya mlango ikianza kulia, yeye kashaitia mafuta kabla hujamaliza kulalamika. Redio ikikoroma, kashaipasua tumbo. Simu ya mama ikichelewa kuwaka, kashampokonya, na mama amebaki na kidole hewani. Alipopata kazi ya kutunza kompyuta nilisema moyoni, kila shetani na mbuyu wake. Kazini wakampa jina la Sasisho, kwa sababu ukimwambia mashine yako inasumbua, hata hujaeleza inasumbuaje, atakuuliza, "Umeisasisha lini?" Mtu anaumwa kichwa, naye anaulizwa hivyo hivyo. Nimemcheka miaka yote hiyo. Siku hizi simcheki, na natamani angenipa sababu.

Tunafanya kazi mahali pamoja, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Mbele kuna kaunta, na hapo ndipo nilipo mimi, napokea wateja na kuwavumilia. Mtu anakuja asubuhi anataka kadi za harusi jioni, kana kwamba yeye mwenyewe hakujua kama ataoa. Nyuma ya kaunta kuna chumba cha kompyuta, na nyuma ya chumba hicho ziko mashine zenyewe za kuchapa, zinazotikisa ukuta kiasi kwamba kikombe cha chai ukikiweka ukingoni mwa meza utakiokota sakafuni. Kaka anatunza kompyuta. Na kwenye kompyuta ya pembeni, karibu na dirisha, alikuwa anakaa baba yetu.

Baba watu wote walimwita Mzee Herufi. Aliingia kiwandani akiwa kijana, wakati ukurasa unapangwa kwa vidole, herufi moja moja za madini ya risasi, tena kinyumenyume, unasoma kama unayetazama maandishi kwenye kioo. Zilipokuja kompyuta, wenzake walisusa wakaaga mmoja mmoja. Baba akavuta kiti, akajifunza programu moja ya kupanga kurasa, akaoana nayo. Hakutaka nyingine. Alijua kila kitufe kilipo kama unavyojua swichi ya taa ya chumbani kwako: unaingia gizani na mkono unakwenda wenyewe. Na jicho lake! Mstari ukizidi kwa unywele, atarudisha kichwa nyuma na kusema, "Hapa pananiuma jicho." Sisi tunatazama, hatuoni kitu. Anasogeza kidogo tu, na hapo ndipo unagundua kumbe kulikuwa na kitu.

Halafu akaanza kusahau.

Mwanzoni tulicheka, kwa sababu hata yeye alicheka. Alitafuta miwani akiwa ameivaa; nani hajafanya hivyo? Kisha akaanza kuniita kwa jina la shangazi, dada yake aliyefariki zamani, na nilipomsahihisha alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Kisha siku moja tukiwa mezani akamuuliza mama kama mgeni ameshakula. Hapakuwa na mgeni. Mama akamjibu ameshakula, ameshukuru, amekwenda zake. Baba akaridhika, akaendelea na chakula chake. Mama akaingia jikoni, akafungua bomba na kuliacha litiririke ili tusimsikie.

Daktari tuliyempata alikuwa mtu wa kusema kweli. "Hali hii haina dawa ya kuiondoa," alituambia. "Lakini kuna vitu akili inaviachia mapema, na kuna vitu mikono inaving'ang'ania. Anaipenda kazi yake? Basi mwacheni aende. Ila nawaomba kitu kimoja. Msimbadilishie vitu. Kila kitu kikae pale alipokizoea."

Maneno hayo yakawa sheria. Mama alikuwa amenunua mapazia mapya. Akayarudisha dukani na wala hawakumwelewa. Kochi lililochanika, ambalo mimi nilishaliandalia mahali jalalani, likabaki palepale na mpasuko wake. Kikombe cha baba chenye ufa kikawa na heshima kuliko sisi watoto. Kazini tajiri wetu, ambaye si mtu wa huruma za bure, alisema Mzee Herufi atabaki maadamu kurasa zinatoka safi.

Na zilitoka safi. Hili ndilo ambalo watu wakisikia hawaamini. Mtu yule yule ambaye hakujua leo ni siku gani, ambaye kaka alimshika mkono kumvusha barabara, akishatundika koti lake, akafuta miwani na kuweka kiganja juu ya kipanya, alikuwa anarudi. Mgongo unanyooka. Anamfokea mtu wa mashine kwa ajili ya wino. Ananiita mimi kwa jina langu mimi. Kutwa nzima tunakuwa na baba, na jioni kaka akizima kompyuta tunamwona anaondoka tena, taratibu, hata kabla hatujafika mlangoni. Ndiyo maana nasema kile kiti na ile programu hazikuwa kazi tu. Hapo ndipo baba alipokuwa amebakia.

Sasa nieleze kazi ya kaka, nami nitaieleza kama nilivyoelezwa pale kaunta. Programu za kompyuta haziji zenyewe, kuna wachukuzi. Ndivyo kaka anavyowaita. Ni programu ambazo kazi yao ni kwenda kwenye maghala ya mtandaoni, kuleta programu nyingine na kuzipanga, na kila toleo jipya likitoka, kulileta na kulitoa la zamani. Ungedhani mmoja angetosha. Kompyuta zetu zina watatu. Wa kwanza alikuja na mashine yenyewe, na ndiye anayejiona mwenye nyumba. Wa pili huleta programu zilizofungashwa kila moja na vikorokoro vyake vyote, ili isimtegemee mtu. Wa tatu huleta vijipande ambavyo kaka hutumia kuundia programu zake mwenyewe. Kila mmoja ana ghala lake na amri zake, na hawasemezani. "Ni kama wake wenza waliokosana," kaka aliniambia. "Ukimwagiza mmoja, usidhani mwenzake kasikia."

Kwa hiyo kusasisha kompyuta moja maana yake ni kuwaamsha wote watatu, na kila mmoja akukalishe kwa maswali: nimepata kipya hiki, nikilete? Ndiyo au hapana? Na kompyuta ni za chumba kizima. Kaka akachoka, na kaka akichoka hutafuta akili. Akaandika amri yake moja ambayo ukiigonga inawaamsha wachukuzi wote kwa zamu, kwenye mashine zote. Na yale maswali? Akaifundisha ijijibu yenyewe "ndiyo." Amri hiyo akaipa jina "amkeni," kwa sababu ndivyo baba alivyotuamsha tulipokuwa wadogo, akipiga mlango kwa kiganja: "Amkeni!" Hata siku ya mapumziko, mzee yule hakuwa na msamaha. Mwishowe kaka hakutaka hata kuigonga. Akaipangia muda, ili kila Jumapili kiwanda kikiwa kimefungwa, mashine zijiamshe, zijisasishe, zilale. Alipita siku hizo amevimba kichwa, nasi tukimtania kwamba amejitafutia mke wa nne.

Programu ya baba aliitia kufuli. Nataka hili lieleweke, maana kaka yangu hakuwa mzembe. Alimwambia yule mchukuzi wa kwanza: hii usiiguse, hata likitoka toleo la dhahabu. Akaniita nione, akanionyesha kwenye skrini. "Zote ziende mbele," alisema, "ya baba itabaki hapa hapa." Kwa mtu kama yeye, kukiacha kitu kikae cha zamani kwa kusudi, hayo yalikuwa mapenzi makubwa.

Muda ukapita. Mchukuzi wa kwanza akatoa tangazo kwamba ile programu kuukuu hataibeba tena. Mfumo ukisonga mbele, yenyewe itakufa. Kaka akahangaika, hata chakula kikawa hakipandi. Akakuta mchukuzi wa pili anayo, toleo lile lile, limefungashwa na vikorokoro vyake. Akaihamishia kwake. Baba hakugundua chochote. Alikuja asubuhi, akafuta miwani, akapanga kurasa. Kaka akashusha pumzi. Alifanya yote yale ili kumlinda baba, na kitu kimoja tu kilimpita. Hakumwambia mchukuzi wa pili habari za kufuli. Kufuli lilibaki kwa wa kwanza, linalinda nyumba ambayo wenyewe walishahama.

Haikudhuru kitu kwa muda mrefu, kwa sababu hapakuwa na toleo jipya la kuleta. Kisha wale walioitengeneza, huko waliko, wakaamua kuipa sura mpya. Jumapili moja, ndani ya kiwanda kisicho na mtu, mchukuzi wa pili akauliza: nimepata mpya, niilete? Na amri ya kaka ikamjibu ndiyo.

Jumatatu kaka alimfikisha baba mlangoni, akaniachia mimi, akaenda kwenye ofisi nyingine anakotunza mashine pia. Baba akatundika koti. Akafuta miwani. Akaweka kiganja. Mimi nilikuwa na mteja, mama mmoja anayebishana nami kuhusu rangi ya kalenda, lakini jicho langu moja lilikuwa kwa baba siku zote. Nikaona mkono wake umekwenda kona ya juu, kushoto, ukabonyeza. Ukarudi. Ukaenda tena. Pale palikuwa patupu. Vitufe vyote vilihamishiwa upande wa pili, vimefanywa vidogo, vya kijivu, vina vipicha badala ya maneno. Mkono wa baba ukaenda tena na tena, unapapasa swichi kwenye ukuta wa nyumba ya watu.

Akasimama. Akakitazama kiti chake. Akaenda kukaa kiti cha jirani, akatazama skrini ya jirani, akarudi. Nikamwacha mama wa kalenda na rangi zake.

"Baba, kuna nini?"

"Samahani, binti," akaniambia kwa adabu, kama mteja. "Nadhani nimekaa mahali pa mtu."

"Hapana, baba. Ni pako hapa."

Akaitazama skrini kwa muda, akatikisa kichwa. "Mimi napajua pangu," akasema.

Nikampigia kaka. Nikamwambia aje, kompyuta ya baba imegeuka. Nilingoja aniulize imesasishwa lini, kwa mazoea tu. Hakuuliza. Nikasikia pumzi zake tu, nikajua ameshajua.

Alifika jasho linamtiririka. Akakaa kwenye kile kiti, akagonga hiki na kile, na baba amesimama nyuma yake ameshika koti mkononi kama msafiri. Mwishowe kaka akaacha kugonga. "Nilimwambia wa kwanza," akasema kwa sauti ndogo. "Nilipoihamisha, sikumwambia wa pili."

"Si uirudishe ya zamani?" nikamjia juu. "Kazi yako si hiyo?"

"Ghalani wameshaiondoa. Nitaitafuta."

"Huwezi kuacha kitu hata kimoja! Kimoja tu, kikae!"

"Usimgombeze kijana," baba akaniambia. "Hana kosa. Mimi ndiye niliyesahau kazi."

Kaka akageuka na kiti kizima. "Hujasahau, baba. Nisikilize. Ni mimi niliyebadilisha. Vitufe vimehama, ndiyo maana huvioni. Hata mimi sivioni!"

Baba akatabasamu, akampigapiga bega. "Unanistahi," akasema. "Wewe ni mtoto mzuri wa watu. Lakini mtu anajua anapokwisha."

Yakimwagika hayazoleki, wanasema, lakini kaka alijaribu kuyazoa kwa mikono yote miwili. Alitafuta mtandaoni, aliwaandikia watu asiowajua, alibisha hodi kwenye ofisi za watu. Siku zikaenda. Baba akakaa nyumbani, na bila kile kiti asubuhi haikuwa asubuhi tena. Alivaa koti akakaa sebuleni, na mama akimwambia leo ni mapumziko, leo ni mapumziko, mpaka neno lenyewe likaisha ladha. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya ule mpasuko wa kochi, kidole kinabonyeza, kinabonyeza. Kisha kikaacha. Akaacha kuuliza habari za kazi. Akaacha hata kuniita kwa jina la shangazi. Sikuwahi kufikiri kwamba nitakuja kulililia jina lile.

Mama hakumlaumu kaka hata kwa neno moja, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko kelele zangu zote.

Programu ya zamani kaka aliipata mahali ambapo hakuna aliyefikiri kutafuta. Stoo, chini ya mabunda ya karatasi zilizoharibika, kulikuwa na kompyuta iliyosahauliwa, haina mtandao, kwa hiyo wachukuzi hawakuwahi kuifikia na ile "amkeni" haikuwahi kuigusa. Yeye asiyependa vikuukuu aliibeba ile mashine kifuani, vumbi lote shatini, kama mtu anayembeba mtoto mgonjwa. Akaitoa programu humo, akairudisha kwa baba. Safari hii alitia kufuli kwa wachukuzi wote watatu, na bado hakuridhika. Akachomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta ya baba, akauzungushia mkononi akaenda nao nyumbani. Na ile amri yake akaifuta. Mpaka leo anakwenda mashine moja baada ya nyingine, anawaamsha wachukuzi mmoja mmoja, na kwa kila swali anasimama, anasoma, ndipo anabonyeza ndiyo kwa kidole chake. Tajiri analalamika kwamba kazi imekuwa ya kinyonga. Kaka anaendelea na swali linalofuata.

Daktari tulimweleza yote. Akasema hali ya baba ingefika hapo tu, leo au kesho, kufuli au bila kufuli. Kaka aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na hakuamini. Mimi siku nyingine naamini, siku nyingine siamini.

Siku tuliyomrudisha baba kiwandani, mama alimpigia pasi koti. Kaka alimshika mkono njia nzima. Tukamwingiza, tukatundika koti, tukamkalisha. Hakufuta miwani, kwa hiyo kaka akamvua taratibu, akaifuta kwa shati lake, akamvika. Kwenye skrini alikuwa ameshafungua ukurasa wa mwisho ambao baba aliupanga kwa mkono wake. Kila kitufe kilikuwa mahali pake, kona ya juu, kushoto. Mtu wa mashine aliizima mashine bila kuambiwa. Nikaweka kiganja cha baba juu ya kipanya, nikarudi nyuma.

Baba akatazama. Akarudisha kichwa nyuma, vilevile kama zamani.

"Hapa pamekaa vizuri," akasema. "Mistari imetulia. Hakuna panapouma jicho."

Kaka akanitazama. Sijamwona na uso ule tangu tulipokuwa watoto.

"Huyu fundi anajua kazi," baba akaendelea. "Yuko wapi?"

Kaka akamwinamia.

"Ametoka kidogo, baba."

"Atarudi?"

"Atarudi."

Baba akauondoa mkono juu ya kipanya, polepole, akauweka mapajani.

"Basi tumsubiri," akasema. "Si vizuri kugusa kazi ya mtu."

Kaka akavuta kiti, akakaa karibu naye, wakasubiri.